Msitie Jini Katika Kila Merikebu

Kila zinapotajwa hadithi za kutisha za baharini, zile zilizoandikwa kwa Kiingereza katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, watu wetu wa lugha hutoa hukumu mbili. Ya kwanza husema kuwa Kiswahili hakina msamiati wa kuzibeba. Ya pili husema kuwa hata zikitafsiriwa, msomaji wetu hatatishika mpaka mfasiri amtilie jini. Hukumu hizi husemwa kwa upole, kama wasia wa mkubwa kwa mdogo, na ndiyo maana aghalabu hazijibiwi. Leo nazijibu. Nadai kuwa zote mbili ni batili. Tena nadai kuwa ya pili ndiyo mama wa ya kwanza, kwa kuwa mtu aliyekwisha kutia jini chomboni hana haja tena ya kujua jina la kamba.

Tuanze na hadithi zenyewe. William Hope Hodgson alizaliwa Uingereza mwaka 1877, mtoto wa kasisi. Mwaka 1891, kabla hajatimiza miaka 14, aliingia baharini akiwa mwanagenzi katika merikebu za matanga. Aliyachukia maisha yale, lakini aliyatoka na elimu ambayo hakuna chuo kingempa: alijua kila kamba ina kazi gani, na alijua hutokea nini ikikatika. Alipogeukia uandishi, elimu hiyo ndiyo iliyokuwa mtaji wake. Katika riwaya yake ya mwaka 1909, *The Ghost Pirates*, merikebu iitwayo Mortzestus yang'oa nanga San Francisco. Baharia mmoja aliyebaki kutoka safari iliyotangulia hana malalamiko ila moja: chombo kina vivuli vingi mno. Kisha mambo madogo yaanza kwenda kombo. Tanga la juu lililofungwa barabara hukutwa limefunguka. Watu waliozoea kupanda milingoti tangu utotoni huanguka. Hakuna anayeeleza kwa nini.

Hofu ya kitabu hiki yatoka wapi? Haitoki katika sura ya kutisha, kwani kwa kurasa nyingi hatuonyeshwi sura yoyote. Yatoka katika ujuzi. Mabaharia wa Mortzestus huogopa kwa sababu wanajua kuwa tanga lililofungwa vile halifunguki lenyewe. Nasi wasomaji tumekwisha fundishwa, hatua kwa hatua, jinsi tanga linavyofungwa, nani alipanda kulifunga na alishuka saa ngapi. Mwandishi hutujenga kwanza kuwa mabaharia, ndipo hututisha. Msomaji asiyejua kamba ilipaswa kuwa wapi hawezi kushtuka kuikuta mahali pengine.

Bram Stoker hakuwa baharia, lakini alielewa kuwa baharia ndiye shahidi bora wa jambo lisiloaminika. Mwaka 1890 alikaa Whitby, mji wa bandari kaskazini mwa Uingereza, ambako merikebu ya Kirusi iitwayo Dmitry ilikuwa imepanda ufukoni mwaka 1885. Katika *Dracula*, riwaya iliyochapishwa mwaka 1897, akaigeuza ikawa Demeter, iliyotoka Varna na farumi ya mchanga pamoja na masanduku makubwa ya udongo. Safari yote twaisoma katika daftari la nahodha. Wamo mabaharia watano, wasaidizi wawili wa nahodha, mpishi, na nahodha mwenyewe. Nahodha anaandika upepo. Anaandika zamu. Anaandika idadi ya watu, na idadi yapungua. Huyu alikuwa zamu usiku, asubuhi hayupo. Yule alikwenda kumpokea mwenzake, naye hakuonekana tena. Mwisho nahodha ajifunga mikono kwenye gurudumu la usukani, na merikebu yaingia Whitby katikati ya dhoruba ikiwa imeshikwa na maiti. Dracula mwenyewe, ambaye dunia nzima yamjua kwa meno yake, katika daftari lile ni mtu mrefu mwembamba aliyeonekana mara chache sitahani, basi. Kinachotisha ni hesabu ya watu.

Mfano wa tatu ni hadithi fupi ya F. Marion Crawford, Mmarekani, iitwayo "The Upper Berth", ya mwaka 1886. Abiria apewa chumba namba 105. Waliolala humo katika safari zilizopita walijitupa baharini. Ndani ya chumba mna harufu ya unyevu, na mna dirisha la mviringo ambalo kila likifungwa na kukazwa kwa parafujo, hukutwa liko wazi. Abiria na nahodha waketi usiku kucha kulilinda dirisha. Kitu kinachowatia baridi mwilini ni parafujo inayozunguka taratibu mbele ya macho yao bila mkono kuigusa. Mwandishi aliyeridhika na jini angeanza na maiti kitandani. Crawford aanza na parafujo, na maiti akija baadaye twakuwa tayari kumsadiki.

Hapa ndipo pana siri ya aina hii ya fasihi. Chombo baharini ni kazi iliyopangwa. Kila mtu ana zamu, kila kamba ina mahali pake, kila saa ina wajibu wake, na nje ya mpango huo mna maji. Mwandishi huuweka mpango mbele yetu kwa maneno sahihi ya kazi, kisha hukiondoa kitu kimoja tu. Sisi wenyewe ndio tunaomalizia hofu. Kwa hiyo maneno ya kazi si mapambo ya hadithi, wala si vizuizi ambavyo mfasiri mwema amwondolee msomaji njiani. Ndiyo mashine yenyewe ya kutishia. Ukiyaondoa, umeondoa hadithi.

Sasa tumtazame jini. Sisemi kuwa hana nafasi katika fasihi yetu. Anayo, na ni ya heshima. Lakini jini wa masimulizi ya pwani ni kiumbe anayejulikana. Ana jina, ana asili, ana anachokitaka. Hupanda kichwani mwa mtu na kusema haja yake, naye mganga humjibu: ubani huu, kitambaa cha rangi hii, ngoma ya siku kadhaa. Mtu anaweza kuafikiana naye. Hofu yake ni hofu ya kudaiwa na mwenye nguvu, na deni lina namna ya kulipwa. Kitu kilichomo ndani ya Mortzestus hakidai kitu. Hakina jina, hakina kiti, hakijibu. Mfasiri akikiita jini amekipa jina, na akikipa jina amempa msomaji tiba. Ameitibu hofu ambayo mwandishi alijitahidi kurasa mia kuiacha bila dawa. Tena amemdhulumu jini vilevile, kwa kumfanya kinyago cha kutishia watoto.

Nitoe mfano nilioubuni mwenyewe, ili nisionekane nasema hewani. Mwandishi wa mkondo ninaoupinga ataandika hivi: "Ghafla jini la kutisha lenye macho ya moto likatokea, na mabaharia wote wakapiga mayowe ya hofu." Maneno ya kutisha yamo mengi, na hofu haimo. Sasa tuandike hivi: "Zamu ya usiku ilipokwisha serahangi alihesabu watu sitahani. Akahesabu tena. Kana ilikuwa imefungwa kwa kamba mpya, fundo la kibaharia, na aliyelifunga hakuwamo katika hesabu." Sentensi hizi hazina kivumishi hata kimoja cha kutisha. Zina kana, yaani mti wa kushikia usukani, zina serahangi, zina fundo. Msomaji aamue mwenyewe ni lipi kati ya mawili haya angependa kulisoma usiku akiwa peke yake.

Na hapo ndipo hukumu ya kwanza inapovunjika. Ati Kiswahili hakina msamiati! Lugha ambayo wasemaji wake waliishi kwa kusi na kaskazi ndiyo inayoambiwa haina maneno ya bahari? Mbele ya chombo ni omo na nyuma ni tezi. Chini mna mkuku unaobeba vyote. Juu ya mlingoti hutwekwa foromali kwa henza, na tanga huongozwa kwa demani. Upande upepo utokako ni goshini, na upande uendako ni demanini. Mti utokezao mbele ni dasturi. Maji yakiingia hufuliwa, mbao zikiachana hutiwa kalafati, kina hupimwa kwa bildi, na urefu wake huhesabiwa kwa pima. Chombo kikiyumba huku na huku chaenda mrama, na neno hilo limeshuka pwani likasambaa bara hata mtu asiyeiona bahari maishani husema mambo yake yameenda mrama. Upepo ukikata ni shwari. Nani basi aliyepungukiwa, lugha au mfasiri?

Ipo hoja ya maana zaidi, nami siikimbii. Wapo wasemao: maneno hayo ni ya jahazi lenye tanga la pembetatu, ilhali merikebu za Hodgson zina milingoti mitatu na matanga ya mraba yaliyopangwa moja juu ya jingine, kila tanga lina jina lake, na majina hayo hatunayo. Ni kweli. Lakini lugha ya bahari imejengwa siku zote kwa kukopa na kueleza. Nahodha, serahangi na bandari ni maneno yenye asili ya Kiajemi. Merikebu na tufani yalipitia Kiarabu. Bendera ililetwa na Wareno. Mabaharia wa Kiingereza nao walikopa mengi kwa Waholanzi, wala hawakuona aibu. Basi mahali tulipo na neno, tulitumie. Mahali tusipo nalo, tuseme wazi: tanga la juu kabisa la mlingoti mkuu. Baharia wa Kiswahili angelisema hivyo hivyo siku ya kwanza aliyopanda merikebu ya namna ile, na siku ya saba angekuwa amekwisha kulipa jina.

Wengine husema: msomaji wa Dodoma au Bujumbura hajui henza ni nini. Najibu kwamba karani wa London aliyemsoma Hodgson mwaka 1909 hakuwa baharia, na kamba nyingi hakuzijua. Hakupewa faharasa. Alijifunza kwa kuona mtu akiivuta kamba, kwa kusikia jina lake mara tatu, na kwa kuogopa ilipokatika mara ya nne. Woga ni mwalimu mwepesi wa msamiati. Msomaji akisoma kuwa henza imekatika na foromali limeanguka juu ya watu, hatasahau tena henza ni kitu gani.

Atatokea na mwenye kunikumbusha Coleridge. Shairi lake la baharia mzee lilitoka mwaka 1798, na mshairi alilitunga kabla hajasafiri baharini hata mara moja. Je, si ushahidi kuwa ubunifu watosha bila elimu ya kamba? La. Tazama kinachotisha katika shairi lile. Upepo unakata. Chombo hakisogei. Maji ya kunywa yanakwisha, na mbao zanywea kwa jua. Mizimu ipo, lakini yaja juu ya mambo ambayo kila nahodha angeyaandika katika daftari lake: shwari, kiu, mbao. Coleridge hakuwa amesafiri, lakini alisoma vitabu vya waliosafiri na akaheshimu walichokiona. Heshima hiyo ndiyo ninayoidai.

Nasi watu wa ushairi tuna sehemu yetu ya lawama. Ushairi wetu umelitumia sana dau na jahazi. *Al-Inkishafi* yaufananisha ulimwengu na bahari ya hatari, na baada yake tungo zisizohesabika zimekifanya chombo kuwa nchi, ndoa, chama au nafsi. Urithi huo ni mzuri. Lakini chombo kilichogeuzwa mfano kwa muda mrefu huanza kupoteza mbao zake. Tungo nyingi za siku hizi zina jahazi lisilo na mkuku, nahodha asiyeshika chochote na mawimbi yasiyolowesha mtu. Hadithi ya kutisha haiwezi kukubali jahazi la namna hiyo. Yadai mbao halisi, kwa sababu mtu atakuja kusikiliza usiku kitu kinachokwaruza upande wa pili wa ubao. Kwa sababu hiyo naamini hadithi hizi zaweza kuufaa hata ushairi wetu: zitatulazimisha tukirudishie chombo uzito wake kabla ya kukifanya fumbo tena.

Nimeacha mwisho hoja iliyo nzito kuliko zote. Mwaka 1907 Hodgson alichapisha "The Voice in the Night", hadithi fupi ambayo kwa maoni yangu ndiyo bora kuliko zote za aina yake. Skuna imekwama shwarini kaskazini mwa Pasifiki, usiku hauna nyota. Sauti yatoka gizani kutoka kwenye mashua: mtu anaomba chakula, lakini anasihi taa iondolewe. Chakula chasukumwa majini katika sanduku. Baadaye anarudi kushukuru, naye anasimulia. Yeye na mchumba wake waliachwa na mabaharia katika merikebu iliyokuwa ikizama. Wakaunda chelezo, wakafika penye chombo kilichoachwa katika wangwa, na chombo kile, pamoja na kisiwa kizima jirani, kilifunikwa na kitu cha kijivu kinachoota. Walisugua kwa dawa, kikaota tena. Kisha kikaonekana katika kidole gumba cha mwanamke. Kisha njaa ikawashika, nao wakakila. Mapambazuko yanapoanza, msimulizi wa skuna anauona mwale wa jua ukipenya na kuiangukia mashua inayokwenda zake, na anakiona kile kinachopiga makasia.

Kitu kile cha kijivu tukiiteje? Wa kamusi za shule atasema fangasi, na hapo hadithi itakuwa imehamia hospitali. Wa jini atasema laana. Lakini Kiswahili kina neno ambalo Mwingereza angelitamani: ukungu. Ukungu ni huo uotao juu ya mkate, juu ya ngozi na juu ya mbao za chombo kilichokaa na unyevu. Ukungu ni huo utandao baharini usiku na kuificha mashua. Na ukungu wa alfajiri ni mwanga wa kwanza wa siku. Hadithi ya Hodgson yaanza katika ukungu, ndani yake watu wawili waliwa na ukungu, nayo yaisha kwa ukungu wa alfajiri ukifichua kilichoachwa na ukungu. Kiingereza kilihitaji maneno matatu yasiyo na undugu. Sisi tuna neno moja, nalo lamfanya msomaji asiwe na hakika, kila linapotajwa, kama ni hewa au ni nyama. Hofu hiyo Hodgson mwenyewe hakuweza kuiandika katika lugha yake. Imo katika lugha yetu, bure, yangoja mfasiri.

Basi anayesema Kiswahili hakitoshi kwa hadithi hizi aniambie ni Kiswahili kipi anachokizungumzia. Kile cha mikutano ya ofisini? Huenda hakitoshi. Lakini kuna Kiswahili kinachonyamaza mwaka hadi mwaka katika vijiji vya pwani, kwa kuwa vyombo vingi sasa vyaenda kwa mashine na kijana wa leo hana sababu ya kuijua demani. Maneno yale hayataokolewa kwa orodha mwishoni mwa kamusi. Neno huishi pale mtu anapolihitaji, na katika hadithi ya kutisha msomaji hulihitaji kama baharia anavyoihitaji kamba gizani. Kila mara mfasiri aandikapo jini mahali palipostahili henza, amelizika neno moja zaidi na kulisomea talakini.

Nataka mambo matatu kwa wafasiri wetu. Kwanza, wakae na mabaharia kabla ya kukaa na kamusi. Waulize fundo hufungwaje na maji ya ngama hunukaje. Pili, wasimhurumie msomaji kwa kumfutia maneno. Wamwachie ayajue kwa kuyaona yakifanya kazi. Tatu, wasikipe jina kisicho na jina. Hodgson aliuawa vitani mwaka 1918, muda wa haki za kazi zake umekwisha kupita, na hakuna mlango uliofungwa mbele yetu. Atakayeanza aanze na "The Voice in the Night".

Na wenye hoja ya kunipinga waje nayo, nitaisoma kwa adabu. Ila waje na sentensi waliyoitafsiri, ili tuipime pamoja, kamba kwa kamba.